Niliiponda Kesi ya Mpiga Kengele, Kumbe Shahidi Nilikuwa Mimi

Mpendwa mshauri Bi Walburga, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho hata ukiona inaanza na mambo ya michezo ya kwenye simu, maana najua watu wazima wengi wakisikia neno gemu wanageuza ukurasa, lakini mimi nina miaka ishirini na saba, nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi hapa Mfaranyaki, silewi, sikuwa na ugomvi na mtu, na huu ni mwezi wa pili siwezi kukaa kwenye kiti dakika kumi bila kusimama, nikisimama nazunguka duka, nikimaliza kuzunguka nakaa tena, mpaka wateja wananiuliza kama naumwa.

Kila Jumapili nikitoka misa narekodi uhakiki wa magemu kwa Kiswahili na kuuweka mtandaoni, watu kama elfu moja wananifuatilia, wengi wa huku kwetu Ruvuma. Gemu ninalolipenda kuliko yote ni mfululizo wa kesi za mahakamani ambao mimi na wasikilizaji wangu tunauita Kizimbani. Wewe mchezaji ni wakili wa utetezi, unakagua mahali pa tukio, unakusanya vielelezo, halafu unawahoji mashahidi sentensi kwa sentensi mpaka ukweli utoke. Sihakiki gemu zima kwa mkupuo, nahakiki kesi moja moja, kwa sababu kesi moja iliyoandikwa vizuri ni hadithi kamili, na naipa alama juu ya kumi nikiangalia hadithi yenyewe, vielelezo, mashahidi na muziki. Nilishafanya kesi saba bila tatizo. Ya nane ndiyo iliyoniharibu.

Inaitwa Kesi ya Mpiga Kengele. Mzee anayepiga kengele ya mji anashtakiwa kwamba amechoma maktaba. Shahidi mkuu ni binti muuza maua, naye anasema jioni ya mvua alimwona mzee akitoka kwa mlango wa nyuma. Ukimbana anang'ang'ania pale pale, nilimwona, nilimwona, mpaka uweke mezani picha ya msumari ulio nyuma ya mlango, ambapo koti la mzee lilikuwa linatundikwa na kila mtu alilichukua mvua ikinyesha. Hapo binti analia, anasema hakuona sura, aliona koti. Mzee anaachiwa, binti anaomba radhi, mzee anacheka, muziki wa furaha unapigwa, kesi imekwisha.

Nikaipa alama nne. Sijawahi kuipa kesi yoyote ya Kizimbani chini ya saba. Nilisema mwandishi ametudanganya, kwamba hakuna mtu mwenye akili zake anayeona koti halafu akaapa kwamba ameona sura, na kama yupo basi ni mwovu tangu tumboni, na nilisema kwa ukali hadi sauti ikakwaruza, lakini sikurekodi upya, nikautuma uhakiki hivyo hivyo. Wasikilizaji wakalalamika, wengi wao kwa utani, isipokuwa mmoja, Abdul wa Tunduru, anayenifuatilia tangu mwanzo na simjui kwa sura. Yeye aliandika hivi: "Dada Careen, mashahidi wote huwa unawapa nafasi ya kujieleza. Huyu umemhukumu kabla hajafungua mdomo. Alikukosea nini?"

Bi Walburga, nilisoma maneno yale nikiwa natoa kopi za mtihani wa shule fulani, mashine ikaendelea kutoa, karatasi zikajaa zikaanza kudondoka sakafuni na mimi nimesimama tu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, tukiishi kijijini wilaya ya Namtumbo, baba yangu Yohanes akiwa mwenyekiti wa kamati ya kigango chetu, kanisa letu dogo la kijijini. Mwalimu wa kwaya alikuwa mdogo wake, baba mdogo Egidi, wamechangia baba na mama, na ndiye aliyenifundisha kuimba sauti ya kwanza. Kinanda cha kwaya kikaibwa pamoja na spika na betri ya sola, vitu ambavyo waumini walivipata kwa kuvuna mashamba ya watu kwa ujira misimu miwili. Ufunguo wa chumba cha kwaya alikuwa nao baba mdogo. Siku ya wizi, saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha, nilipita nyuma ya kanisa nikaona mtu amevaa koti la mvua la kijani la baba mdogo anasukuma baiskeli yenye mzigo. Koti lile lilikuwa linakaa chumba cha kwaya na wanakwaya wote tuliwahi kulivaa, hata mimi. Nilipofika nyumbani nikasema tu, kama mtu anavyosema mambo ya njiani, nimemwona baba mdogo nyuma ya kanisa. Kesho yake kinanda hakipo, na baba akaniambia, rudia ulichosema jana.

Nikakirudia kwa baba, nikakirudia kwa kamati, nikakirudia polisi, na kila nikikirudia kilikuwa kinazidi kuwa kigumu kukirudisha. Mahakamani hakimu alikuwa mama mpole, akaniuliza, "Sura yake uliiona?" Nikamwangalia baba. Baba akatikisa kichwa, na mpaka leo sijui alimaanisha nini. Nikajibu ndiyo. Ni neno moja tu, Bi Walburga. Baba mdogo Egidi alifungwa miezi tisa, na alipotoka kwaya haikumtaka, watu hawakumwita kwenye misiba, akahamia Hanga na mkewe Anjelika, analima na kufanya useremala, na kinanda hakikuonekana mpaka leo.

Baada ya maneno ya Abdul nikaicheza ile kesi mara kumi na moja. Mara nyingine nilikuwa sikiweki kile kielelezo makusudi, nione binti akiachwa na neno lake. Mzee anahukumiwa, kioo kinakuwa cheusi, halafu kinatokea kitufe cha kurudia. Nikaamua nimtafute mwizi wa kweli kwanza, ili nikienda kwa baba mdogo niende na kitu mkononi. Nikaanza kuwafuata wanakwaya wa zamani, nina daftari, nauliza nani alikuwa wapi, nani alikuwa na baiskeli. Nilimfuata Rupert, aliyekuwa anapiga ngoma ya kwaya, sasa anachomelea vyuma mjini hapa, nikamuuliza jioni ile alikuwa wapi. Akavua miwani yake ya kazi akaniuliza, "Careen, unanituhumu mimi?" Nikajibu nauliza tu. Sasa hanisalimii, na nasikia kijijini wameanza kusema kwamba Rupert ndiye aliyeiba.

Mama yangu Hilda nilimwambia yote. Akasema baba yako ana presha, kidonda kimeshafunga unakikwangua cha nini, Egidi mwenyewe hajalalamika. Lakini tarehe ishirini na sita ukoo unakaa kugawa shamba la marehemu babu, na wazee wameshasema Egidi hana fungu kwa sababu alituaibisha kanisani. Baba hakupinga. Mimi nikichelewa, neno langu litamfunga mara ya pili. Nikisema, baba ataonekana alimfunga ndugu yake kwa mdomo wa mtoto, na mimi sina mwizi wa kuonyesha. Je, nisubiri mpaka nimpate mwenye kosa? Niufute ule uhakiki? Nianzie wapi, maana nikikaa nasimama na nikisimama sijui pa kwenda.

Wako katika mahangaiko,
Careen, Mfaranyaki, Songea

BI WALBURGA ANAJIBU

Careen, marahaba.

Jibu hili nilikutumia kwenye simu siku ile ile barua ilipofika, kwa sababu tarehe ishirini na sita haisubiri gazeti. Wasomaji wengine walisome sasa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na uhakiki wako nimeusikiliza wote, dakika thelathini na moja. Mimi sichezi magemu, ila nilimwomba binti wa dada yangu anionyeshe hiyo kesi, tukaicheza mchana mzima hadi maharage yakaungua. Ni kesi nzuri, mwanangu. Ule msumari unaonekana tangu mwanzo, hawakuuficha, wewe mchezaji ndiye huuangalii. Na yule binti ameandikwa na mtu anayewajua watu. Neno likishasemwa mbele ya umati, kulirudisha kunataka nguvu kuliko kulisema. Ulisema hayupo mtu wa namna hiyo duniani, na ulikuwa umekaa naye kiti kimoja. Kwenye uhakiki uliposema pia kwamba binti amesamehewa haraka mno, hapo nakubaliana nawe, ndilo kosa la kesi ile na umeliona sawasawa. Alama zile nne hazikuwa za mwandishi.

Pole. Naisema kwa moyo wote. Mtoto wa miaka kumi na tano amesimamishwa mbele ya hakimu, jina la ukoo liko shingoni mwake, na hapakuwa na mtu mzima hata mmoja aliyeuliza koti lile lilikuwa linakaa wapi. Polisi hawakuuliza, kamati haikuuliza, na wanakwaya waliolivaa wote walikaa kwenye mabenchi wakanyamaza. Hayo si yako peke yako.

Lakini miaka kumi na tano iliisha. Ukawa na ishirini, ukajua kusoma mikataba ya watu na kuichapa. Ukawa na ishirini na tano, ukajua kumbana shahidi wa kwenye simu mpaka alie. Na Hanga haikuhama. Miaka yote hiyo mtu yule amekaa na miezi tisa yake, wewe unatoa alama. Nakuambia hivi bila kukupaka mafuta kwa sababu hukuniandikia ili nikubembeleze.

Na huko kuzunguka na daftari kuache leo. Katika gemu kila kesi ina mwizi wake, na ukibonyeza vizuri anakiri. Huku kwetu kinanda kinaweza kupotea na aliyekichukua akafa bila kujulikana. Huhitaji kumpata. Ukweli wako haumhusu mwizi, unakuhusu wewe na neno moja ulilolisema. Angalia ulichomfanyia Rupert: umemuuliza swali moja tu, na tayari kijiji kina mtu wa kumnyooshea kidole. Careen, ulishaanza kutengeneza Egidi wa pili. Nenda kwenye karakana yake asubuhi, mbele ya wale wale wanaofanya naye kazi, umwambie ulikosea kumuuliza na huna neno lolote juu yake. Kisha ukaseme hivyo hivyo kijijini.

Jumamosi hii panda gari la Hanga. Nenda peke yako. Usibebe kilo za sukari, huendi kuposa. Simu iache mfukoni. Mweleze kwa sentensi fupi ulichosema mahakamani na ulichokiona kweli, halafu nyamaza. Usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Wala usimwombe msamaha siku hiyo hiyo, maana utakuwa umempelekea kazi nyingine ya kukufanyia. Akikufukuza, ondoka kwa adabu.

Baba yako umwambie kabla ya kikao, ninyi wawili, uso kwa uso. Asilisikie mbele ya wazee. Presha haiponi kwa uongo, na mama yako naye anajua hilo, ila anaogopa, mwonee huruma. Usimshtaki baba kwa kile kichwa alichokitikisa, kwa sababu hujui, na wewe sasa unafahamu kinachotokea mtu akiapa juu ya asichokijua. Kwenye kikao omba nafasi, useme lako, ukae. Kuhusu hukumu ya zamani, kabla hujaandika chochote kwenda mahakamani, mwone msaidizi wa kisheria au wakili, akueleze njia ipo au haipo, na wewe mwenyewe inakugusa vipi.

Uhakiki usiufute. Rekodi mwingine, useme ulikosea kuhusu yule binti na kwa nini kesi ile ni nzuri. Ya baba yako mdogo usiyatie humo, maisha yake si kipindi chako. Abdul wa Tunduru mjibu kwa maneno mawili tu, kwamba asante.

Hujui pa kwenda? Stendi unaijua.

BAADA YA HAPO

Careen alinitumia ujumbe katikati ya mwezi uliofuata, naupunguza kidogo kwa ajili ya nafasi.

"Bi Walburga, shikamoo. Kwa Rupert nilikwenda Ijumaa. Alinisikiliza huku anaendelea na kazi, akasema nimesikia, basi. Kijijini nimeshasema.

"Hanga nilifika saa nne. Baba mdogo alikuwa amekaa uani anapukuchua mahindi. Mkewe aliponiona aliingia ndani na hakutoka mpaka naondoka. Niliamkia, nikaketi chini, nikasema, 'Baba mdogo, mahakamani nilisema niliona sura yako. Sikuiona. Niliona koti.' Alimaliza gunzi lililokuwa mkononi, akalitupa, ndipo akasema, 'Najua hukuiona. Sikuwepo.' Akasema jioni ile alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa, mgonjwa akafariki kabla ya kesi, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumsimamisha. Nikamwambia sijaja kumwomba msamaha leo. Akasema, 'Afadhali, maana leo sina.' Halafu akanisogezea kikapu, tukapukuchua hadi mchana. Wakati naondoka akaniambia Jumamosi ijayo kuna magunia mengine mawili.

"Baba nilimwambia Jumapili baada ya chakula. Alisema alitikisa kichwa ili nijibu, nisimwache hakimu anangoja, hakujua nitajibu nini. Nikamwambia nakuamini, ila nilipokwisha kujibu mbona hukuniuliza hata siku moja kama kweli niliiona sura. Akachukua jembe akaenda shambani, na mvua hakuna, jua kali, hakuna cha kulima.

"Kwenye kikao nilisimama nikasema yale yale niliyoyasema Hanga. Mzee mmoja akauliza kama Egidi ndiye amenituma. Kabla sijajibu baba akasimama. Akasema, 'Mtoto hajatumwa na mtu. Aliyemtuma ile mara ya kwanza ni mimi.' Akaketi. Waliahirisha kikao wiki moja, wakamwita baba mdogo, naye amepewa fungu upande wa mtoni sawa na ndugu zake. Yeye na baba bado hawajasemezana, walipeana mikono tu. Msaidizi wa kisheria ameniambia muda umepita sana lakini kuna maombi yanayoweza kuandikwa, tunayaangalia. Bado usingizi wangu ni wa vipande vipande. Kila Jumamosi nakwenda Hanga.

"Nilimuuliza baba mdogo kama ubadilishe majina kabla ya kuichapa barua hii. Akasema hapana, itoke na jina lake lote, kwani hukumu nayo ilisomwa hivyo."

Basi nami nalichapa lote, mahali ambapo Songea nzima italisoma: Egidi Hironimus Mapunda hakuonekana na shahidi yeyote nyuma ya kanisa jioni ile.